Leocadia Hakutaka Nyasi

Mwezi wa Machi mwaka 1998, Leocadia Serrato alikwenda kwenye kikao cha kamati ya makaburi akiwa amebeba kiti chake mwenyewe. Kilikuwa kiti cha turubai, cha kukunja. Alisema viti vya ukumbini vilichaguliwa na mtu asiye na makalio, na yeye alikuwa amekuja kukaa. Alikifungua mbele kabisa, akanyoosha goti lake la kushoto lililokuwa bovu, akamkazia macho mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Vernon, mtoto wa marehemu kaka yake. Leocadia ndiye aliyemlea Vernon tangu ana miaka kumi, na hapa kijijini kwetu Piedra Honda kila mtu alilijua hilo.

“Shangazi,” Vernon alisema huku akipanga karatasi zake, “leo utaniacha nisome mpaka mwisho?”

“Anza kwanza tuone kama kuna cha kusoma.”

Watu wakacheka. Vernon akasoma. Hoja ilikuwa moja: kung'oa vichaka vyote vya makaburini na kulaza nyasi za kijani kama zile za makaburi ya mjini.

Vichaka hivyo ni hulaqal. Sisi Wakahuila, wenyeji wa mlima huu tangu kabla ya Wazungu, tumezaliwa tukavikuta. Kichaka kinafika kiunoni, majani yake membamba kama sindano yamejikusanya vishada vishada kwenye vijiti, na maua yake ni meupe yenye wekundu kwa mbali. Yanafunguka mwezi wa Mei, na kufikia Agosti yamegeuka rangi ya kutu, mlima mzima ukaonekana kama bati kuukuu. Wazungu walipofika waliona mbegu zake zina pembe tatu, wakakumbuka nafaka fulani ya kwao, wakakipa jina la nafaka hiyo. Bibi zetu walichemsha majani yake kwa ajili ya kichwa na tumbo, na maua yake wakatengenezea maji ya kuoshea macho. Makaburini vilijiotea vyenyewe katikati ya misalaba, na Leocadia, aliyekuwa mtunzaji wa pale kwa miaka saba, alikuwa ameviacha. Palipokuwa na upara, alikuwa amevipanda.

Sababu ya kwanza ya hoja ilikuwa nyoka. Septemba iliyopita, Ernestine Pablo, mjane wa makamo mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, alikwenda kumsafishia mumewe kaburi akamkuta nyoka wa njuga, yule mwenye sumu anayeliza mkia, amejikunja chini ya kichaka.

“Aliniangalia,” Ernestine alisema, “kama vile mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi.”

“Si ni kweli?” Leocadia akauliza.

“Leocadia, mimi nilikwenda kwa mume wangu!”

“Na yeye alikuwa kwa mke wake. Ulimuuliza?”

Kicheko kilipotulia, Vernon aliziweka karatasi chini. Sababu ya pili haikuwa imeandikwa popote. Mke wake, Roselle, alikuwa amezikwa Oktoba. Wazazi wake walipanda mlimani kutoka Los Angeles, na mama yake alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Magurudumu yakanasa vichakani. Wanaume wanne wakamnyanyua yule mama pamoja na kiti chake kama jeneza la pili, na alipofika kaburini alisema mbele ya watu wote: “Mnamtupa mwanangu porini.”

“Sitaki kuyasikia tena maneno yale,” Vernon alisema. “Basi.”

Leocadia alikuwepo siku ile; yeye ndiye aliyejaribu kulinasua gurudumu la kulia. Lakini alisimama.

“Nyasi nazijua kuliko mtu yeyote humu,” alisema. “Nimezilaza, nimezikata, nimezilisha, nimezichana kama nywele za bibi harusi. Miaka ishirini na miwili. Nyasi ni kama mtoto asiyekua: kila siku anataka kunyweshwa, na hafiki siku akakwambia asante, sasa nitajitafutia. Mama yangu aliteka maji kwa ndoo kutoka kwenye chemchemi ile maisha yake yote. Leo mnataka kuyamwaga maji yale juu ya kifua chake ili apendeze?”

Waliinua mikono. Thelathini na mmoja walitaka nyasi, sita hawakutaka. Leocadia alihesabu mwenyewe, akahesabu tena, kisha akakunja kiti chake.

“Sawa. Lazeni,” alisema. “Mimi nitakunja.”

“Utakunja nini, Shangazi?”

“Nyasi. Nyinyi mtalaza, mimi nitakunja. Nimesema mchana, mbele ya watu. Msije mkasema niliwavizia.”

Watu walidhani ni hasira tu. Hawakuwa wamekaa naye kazini.

Leocadia alichukuliwa na kupelekwa shule ya bweni ya serikali akiwa na miaka minane. Huko walimfundisha kupiga pasi na kusema ndiyo bibi, na alirudi na miaka kumi na sita akiwa hodari wa la kwanza na adui wa la pili. Alichuma tende kwa miaka mingi. Mwaka 1969 aliteremka jangwani akapata kazi kwenye uwanja wa gofu, katikati ya mchanga, mahali ambapo majani ya kijani yalikuwa kitu cha kushangaza kama theluji jikoni. Wiki yake ya kwanza nyuki alimuuma mgeni mmoja karibu na uzio, na meneja akaamuru hulaqal zote za upande ule ziondolewe. Kazi hiyo alipewa Leocadia. Ilimchukua siku mbili, na lori likajaa.

Aliporudi nyumbani jioni ya pili, mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alimshika mikono akainusa. Alimletea maji kwenye karai ili anawe. Leocadia alikuwa akisimulia kwamba angepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Hata hivyo alibaki kule. Kazi ilikuwa kazi, na palikuwa na Vernon wa kulisha. Akawa nyapara wa wanaume kumi na wanne, akawafundisha kulaza ile mikeka ya nyasi inayokuzwa mashambani, ikakatwa pamoja na udongo wake na kuletwa imekunjwa. Wachezaji walimsifu meneja. Wafanyakazi hawakuruhusiwa kukanyaga uwanja wakiwa hawana kifaa mkononi, kwa hiyo Leocadia alizoea kutembea na reki hata anapokwenda kula.

Mama yake alipofariki mwaka 1991, aliacha kazi, akapanda mlimani na goti lake, akaomba kutunza makaburi. Mama alizikwa upande wa juu, penye jiwe kubwa, na mwaka wa pili hulaqal tatu zikajiotea pembeni ya msalaba. Leocadia alikuwa akikaa hapo na chupa yake ya chai. Ni katika kukaa huko ndipo alipovijua vichaka ambavyo hapo mwanzo alikuwa anavijua kwa kuving'oa tu. Alimwona kipepeo mdogo wa buluu, saizi ya ukucha wa kidole gumba, akitaga kwenye maua, na viwavi wake wakila maua hayohayo huku sisimizi wakiwalinda kama wachungaji. Aliona kware wakipitisha vifaranga chini ya matawi mwewe anapozunguka. Mvua za Februari ziliposhuka kwa hasira, aliona matope yakitoka kwenye kila kilima kilicho wazi, lakini pale juu maji yakashuka meupe.

Kwa hiyo alipowaambia watu atakunja, hakuwa anatania.

Wafanyakazi wa nyasi walifika katikati ya Aprili na mashine ya kukwangua. Leocadia aliwatangulia. Alikuwa ameketi kwenye kaburi la mama yake, kofia ya majani kichwani, chupa ya chai miguuni. Msimamizi wao, mwanamume mwekundu mwenye tumbo, alikwenda kumwondoa, akasimama ghafla.

“Bi. Leo?”

“Dale. Umenenepa.”

Alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Alikuja kwake akiwa hajui kushika koleo.

“Sikujua kuwa hapa ndipo kwenu,” Dale alisema.

“Hapa ndipo kwetu. Na huyo uliyemkanyaga ni mjomba wangu.”

Dale aliruka pembeni, akavua kofia, hajui aiweke wapi. “Mama, mimi nina kazi ya watu. Nimetumwa.”

“Fanya kazi ya watu. Lakini hapa nilipokaa, na hatua sita kila upande, hufanyi.”

“Wataniuliza.”

“Waambie kulikuwa na mwanamke mnene hakutaka kunyanyuka. Ni kweli, hutakuwa umedanganya.”

Dale akaizungusha mashine. Kwa siku mbili walikwangua na kulaza, na kile kisiwa cha vichaka vya juu kikabaki kimesimama na Leocadia katikati yake. Vichaka vingine vyote viling'olewa na mizizi, vikapakiwa kwenye lori. Vilikuwa na machipukizi ya maua tayari. Leocadia aliangalia kila kimoja kikienda, uso mkavu. Lakini walipoanza kulaza ile mikeka, uvumilivu ukamshinda.

“Dale! Hiyo mishono inafuatana kama reli! Nilikufundisha hivyo? Pishanisha kama matofali!”

“Ndiyo, mama.”

“Na ubonyeze kingo, jua litazila.”

“Ndiyo, mama.” Baadaye Dale alikuja akachuchumaa karibu naye. “Mama, kama huzitaki, kwa nini unanisahihisha?”

“Kwa sababu naona aibu. Mizizi itashika lini?”

“Unajua mwenyewe. Wiki mbili.”

“Kwa joto hili siku kumi.”

“Kwa nini unauliza?”

“Nafurahi kuona unakumbuka,” Leocadia alisema, akajimiminia chai.

Nyasi zilipendeza, hilo hakuna aliyelikataa. Watu walikwenda makaburini wiki ile kuliko mwaka mzima uliotangulia. Ernestine alivua viatu akatembea peku juu ya mumewe na wakwe zake wote, akisema ni kama kukanyaga blanketi. Leocadia alimwangalia akiwa nje ya uzio. Alijua kazi nzuri akiiona, na ile ilikuwa kazi nzuri. Kisha akaenda nyumbani kunoa sepeto.

Siku ya tisa ilikuwa Jumapili ya padri. Padri hupanda mlimani Jumapili mbili kwa mwezi, na siku hiyo kijiji kizima hupita mbele ya makaburi kwenda kanisani saa nne. Dada yake Leocadia alimshauri aende Jumatatu, watu wakiwa makazini. “Jumatatu ni ya wezi,” Leocadia alimjibu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua limeshachomoza, alifungua lango, akaingiza toroli, akachomeka sepeto chini ya mshono wa kwanza.

Mizizi ilikuwa imeanza kushika, lakini kidogo. Ilikatika kwa sauti ya kitambaa kikuukuu kinachochanwa. Alikunja mkeka wa kwanza, akaupandisha kwenye toroli, akausukuma hadi kwenye kivuli cha kanisa, akaupanga chini. Kisha wa pili. Goti lilimpigia kelele na yeye akalijibu kwa sauti. Mikeka ilipofika kumi aliimwagia maji kwa ndoo. Hakutaka ife.

Ilipogonga saa tatu alikuwa amekunja theluthi nzima, na Ernestine ndiye aliyefika kwanza akiwa na mkoba wake wa kanisani.

“We Leocadia! Una wazimu?”

“Nina kazi. Sogea, umekanyaga mkeka.”

“Kamati imepitisha!”

“Na mimi niliwapa taarifa.”

“Mume wangu usimguse!”

Leocadia alijinyoosha, akajifuta jasho. “Mume wako simgusi. Yule tangu ujana alipenda vitu vya mjini. Mwachie nyasi zake.”

Ernestine alifungua mdomo amtukane, kikamtoka kicheko. Alikasirika zaidi kwa kucheka, akaenda kusimama juu ya kaburi la mumewe mikono kiunoni, askari wa futi sita za kijani.

Watu wakazidi kufika. Wengine walipiga kelele, wengine walisimama tu. Mzee Cipriano, mmoja wa wale sita, alivua koti lake la kanisani akalitundika msalabani, akaenda kushika toroli. Mwanamke mmoja aliyekuwa amepiga kura ya nyasi alikuja naye akaanza kukunja.

“Wewe si uliinua mkono?” Cipriano akamuuliza.

“Niliinua kwa sababu jirani yangu aliinua.”

Kisha pikapu ya Vernon ikasimama langoni. Alikuwa amevaa suti. Alipita katikati ya watu bila kumsalimia mtu, akaenda moja kwa moja kwenye kaburi la Roselle, akasimama mbele yake ametanua mikono.

“Hapa hapana,” alisema.

“Sijafika hapo,” Leocadia alijibu.

“Utafika.”

“Nikifika tutaongea.”

“Shangazi, umenilea. Suti yangu ya kwanza umenivisha wewe. Leo unanivua nguo mbele ya watu?”

“Nyinyi mlininyang'anya vichaka vyangu mbele ya watu haohao. Mlidhani nitakwenda kulia jikoni?”

“Nitaita polisi.”

“Waite. Waambie waje na toroli, hili moja halitoshi.”

Hakuna aliyecheka safari hii. Vernon alikuwa ameushika msalaba wa Roselle kwa mkono mmoja, na Leocadia, aliyekuwa akimjua tangu anakojoa kitandani, aliliona hilo kabla ya wengine. Aliegemea sepeto.

“Mama yake atakuja tena Oktoba,” Vernon alisema polepole. “Nataka afike hapa kwa magurudumu yake mwenyewe. Asibebwe. Sitaki kitu kikubwa kuliko hicho.”

“Kwa nini hukusema hivyo kikaoni?”

“Nilisema!”

“Ulisema nyasi. Mtu anayetaka njia anasema njia.” Alitupa sepeto chini, akachechemea hadi langoni, akageuka, akarudi akihesabu hatua kwa sauti. “Thelathini na nne. Kokoto ndogo, imwagiwe maji, ishindiliwe mpaka iwe kama sakafu. Kwenye nyasi kiti kitazama, Vernon. Nimesukuma mashine juu ya nyasi miaka ishirini na miwili. Ungemfikisha mkweo hapo katikati, halafu ungeita wanaume wanne tena.”

Vernon aliuachia msalaba. “Nyasi za Roselle usiguse,” alisema mwishowe.

“Sitagusa.”

Na hakugusa. Alizunguka kaburi lile, akakata kingo zake kwa sepeto zikanyooka kama zimepigwa rula, akaendelea na mkeka uliofuata. Kengele ililia, watu wakaingia kanisani, na misa ile ilisomwa milango ikiwa wazi huku sepeto likisikika katikati ya sala. Padri alifupisha mahubiri. Saa saba mchana kazi ilikuwa imekwisha. Vilibaki viraka viwili vya kijani, cha mume wa Ernestine na cha Roselle, kisiwa cha vichaka kule juu, na kati yake udongo mtupu.

Kamati ilimfukuza kazi Jumatano. Barua ilikuwa na sahihi ya Vernon. Leocadia aliisoma kwa sauti dukani, akasahihisha maneno mawili kwa kalamu, akaenda kuibandika chooni kwake. Lakini Jumatatu na Jumanne, kabla barua haijafika, alikuwa ameshaipeleka ile mikeka yote kwenye uwanja wa shule ya chekechea, uliokuwa wa changarawe na damu za magoti, akailaza mwenyewe kwa kupishanisha kama matofali. Mwalimu alipomuuliza kama hajabadili mawazo, alimjibu kwamba nyasi hazina kosa, kosa ni la aliyezituma mahali pasipo pake.

Njia ya kokoto ilijengwa Septemba. Vernon aliishindilia mwenyewe. Oktoba mama yake Roselle alifika kaburini kwa magurudumu yake, bila kubebwa. Aliangalia ule udongo mtupu pande zote, akauliza kumetokea nini.

“Mambo ya kifamilia,” Vernon alisema.

Novemba, mawingu ya kwanza yalipojikusanya, Leocadia aliingia makaburini na foronya tatu. Alikuwa na desturi ya kuchuma mbegu palepale kila vuli, na alikuwa na akiba ya miaka minne. Hakuwa mtunzaji tena. Aliingia kama mtoto wa marehemu, na marehemu wake walikuwa wengi. Kamati ilikuwa imesimamisha kibao: NI MARUFUKU KUPANDA BILA KIBALI. Alitundika sweta lake kwenye kibao hicho, akachanganya mbegu na mchanga, akazirusha kwa mkono, akazikwaruza kidogo kwa reki na kuzikanyagakanyaga. Mvua ikanyesha siku iliyofuata. Akapika maharage akala.

Masika ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ilitoka haradali ya mwitu, ikatoka nyasi kali ya kigeni inayonata kwenye soksi, na watu wakaanza kumwita Bibi wa Magugu.

“Hulaqal zako ziko wapi?” Ernestine alimuuliza akichungulia juu ya uzio. “Naona haradali. Nilete nyama?”

“Leta. Na wewe ujilete ung'oe.”

Ernestine hakung'oa. Leocadia aling'oa peke yake, goti zima limewekwa juu ya gunia, lile bovu limenyooshwa pembeni, kuanzia Februari hadi Mei. Chini ya magugu aliviona: vijiti vya urefu wa kidole, vyenye majani kama sindano. Vingi vilikufa. Upande mmoja wa mteremko, karibu theluthi, haukushika kabisa, na mpaka leo una upara. Mvua kubwa zikishuka, matope hutoka hapo na kuja hadi barabarani, na wapo wanaomlaumu Leocadia kwa hilo, na wana haki. Lakini mwaka wa tatu vilivyobaki vilitoa maua. Vipepeo wa buluu waliteremka kutoka kwenye kile kisiwa cha juu, kichaka kwa kichaka, kama watu wanaorudi kwenye nyumba zao baada ya moto. Nyoka naye alirudi.

“Mpangaji wako amehamia tena!” Ernestine alipiga kelele hadi barabarani.

“Mwambie namsalimia!”

Vernon hakubadilika. Aliendelea kuamini kwamba makaburi yanapendeza yakiwa ya kijani, na kila Jumamosi alivuta mpira wa maji hadi kwa Roselle. Hakuna nyuki aliyetua pale. Agosti nyasi zile zilikuwa zikigeuka njano naye akizidi kuzimwagilia. Leocadia alipita karibu naye siku moja, akasimama.

“Usimwagilie jioni,” alisema. “Zinakesha na unyevu, zinapata ukungu. Mwagilia alfajiri.”

“Nilidhani utafurahi zikifa.”

“Roselle alikuwa akinipikia mimi pia, Vernon.” Akaendelea na safari yake. Vernon alianza kumwagilia alfajiri, na kiraka kile kipo mpaka leo.

Miaka ilipopita, watu wa mjini nao wakaanza kung'oa nyasi zao kwa sababu ya ukame, na hulaqal ikawa mmea wa kuonyesha wageni. Walisikia habari za Leocadia. Mama mmoja aitwaye Marjorie alipanda mlimani na gari safi, amebeba chungu chenye kijiti kikavu.

“Kimekufa,” alisema kwa huzuni. “Na nilikimwagilia kila siku.”

“Ndiyo maana.”

“Lakini kilikuwa kimeanza kuwa na rangi ya kahawia hata kabla. Nikakipunguza, nikakata maua yote yaliyokufa.”

“Yalikuwa hayajafa, mama. Yalikuwa yanalisha. Mbegu zinakaa mle ndani mpaka ndege wazimalize. Wewe umekwenda ukabeba meza watu wakiwa bado wanakula.”

Marjorie aliona haya, lakini hakuwa mtu mbaya, akaomba mbegu kidogo aanze upya. Leocadia alikataa.

“Mbegu za mlima huu ni za mlima huu. Zinaijua baridi ya huku. Huko bondeni kwenu, pembeni ya reli, zipo za kwenu tele, zinajua joto lenu. Kachume hizo. Na usizimalize.”

“Watu wa reli watanikamata.”

“Basi utakuwa na la kusimulia,” Leocadia alisema, akampa chai.

Mwaka 2006 Ernestine Pablo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, na kikao cha Machi kilijaa hadi mlangoni. Hoja ilikuwa moja: kumwaga lami upande wa mashariki wa makaburi ili kupata maegesho ya magari. Ernestine alikuwa bado yuko kwenye sentensi ya pili alipoona mkono umeinuliwa katikati ya ukumbi.

“Leocadia, teremsha mkono. Sijafika mwisho.”

“Nakusubiri ufike,” Leocadia alisema, na mkono ukabaki palepale juu.